Dawlat Wawili Kwenye Benchi Moja

“Bibi Dawlat, bado unalia?”

“Nani mwenzangu?”

“Mimi Sista Mervat, wa kliniki ya utafiti pale hospitali. Juzi ulituhuzunisha sana, wallahi. Tangu uondoke nakuombea dua.”

Dawlat alikuwa amesimama nyuma ya mizani ya duka lake la halua, katikati ya mji wa Tanta, akimpimia mteja dengu za kukaanga. Akabana simu kwa bega.

“Sista, juzi nilikuwa hapa dukani tangu kufungua mpaka kufunga. Nililia wapi?”

Nesi akacheka kwa upole, kama anayembembeleza mtoto.

“Mumeo alituonya. Alisema ukiulizwa utakataa katakata kwamba ulikuja. Ni mshtuko, mama yangu, wengi huwa hivyo. Lakini umejaliwa mume! Mwalimu Shawqi alikushika mkono tangu mnaingia mpaka mnatoka. Kila profesa akisema neno, yeye anakufuta machozi. Sisi manesi tulikuonea wivu.”

“Hajati,” mteja akasema, “dengu zinamwagika.”

Kweli zilikuwa zinamwagika. Dawlat hakuziangalia.

“Ah, ndiyo,” alisema polepole kwenye simu. “Sasa nakumbuka. Siku hizi akili yangu haitulii. Hebu nikumbushe, sista, tulikubaliana nini?”

“Ulisaini kuingia kwenye utafiti. Siku yako imebadilishwa, sasa ni kesho asubuhi. Nimempigia mwalimu, simu yake imezimwa. Kesho kompyuta itakuchagulia kundi: uanze na kemo halafu upasuaji, au upasuaji kwanza halafu kemo. Na damu yako, mama, inaonyesha sukari iko juu. Punguza kuonja halua.”

“Mimi sina sukari.”

“Sasa unayo, mama.”

“Sawa. Nifanyie hisani moja. Mtumie mume wangu ujumbe, lakini usimwambie kwamba tumezungumza. Nataka nimwone atakavyofurahi mwenyewe.”

Alikata simu akaketi juu ya gunia.

Neno kemo, ile dripu inayodondosha nywele, halikuhitaji mkalimani. Kila mtaa una mwanamke aliyewahi kufunga kitambaa kichwani kwa sababu hiyo, na majirani humtaja kwa minong’ono, “ana yale,” kana kwamba ugonjwa ukiitwa jina lake utageuka na kuitikia. Kwa hiyo na yeye alikuwa na yale. Kile kivimbe cha titi, kikubwa kama kokwa ya zeituni, kilichopigwa picha na kukatwa kipande kikaenda kupimwa, hakikuwa mafuta. Majibu alikwenda kuyachukua Shawqi, kama wanaume wanavyochukua majibu ya wake zao, akarudi akitabasamu: “Mafuta tu yameganda, roho yangu.”

Ni aibu kulisema, lakini ndio ukweli: kilichomchoma kwanza hakikuwa ugonjwa. Kilikuwa ule mkono. Ni mwanamke gani aliyeketi akashikwa mkono na mume wake yeye Dawlat, akafutwa machozi, akiitwa kwa jina lake yeye?

Dalili zilikuwepo. Tangu siku ya majibu Shawqi alianza kummenyea machungwa. Miaka yote ya ndoa yao mtu huyo hakuwahi kujimenyea hata yai la kuchemsha, na sasa alikuwa anatoa mpaka zile nyuzi nyeupe. Mume anayeanza ghafla kukumenyea chungwa, ama ameoa mke wa pili, ama ameshakuchagulia sanda. Dawlat alikuwa ameanza kuchunguza lile la kwanza. Hakujua kwamba anaweza kupewa yote mawili kwa simu moja.

Shawqi alikuwa naibu mkuu wa shule ya sekondari ya wavulana, mtu wa sauti nzito na masharubu ya kupaka rangi. Kila asubuhi aliwahutubia wanafunzi mstarini juu ya ukweli, uaminifu na usafi wa kucha. Jioni ile aliingia nyumbani, akabusu paji la uso la mkewe, akachukua kisu na sahani.

“Kesho usinisubiri chakula cha mchana, Mama Yumna. Nina kikao idara ya elimu.”

“Kikao cha nini?”

“Cha mitaala.”

“Mitaala imefanya nini?”

“Inabadilishwa.”

“Maskini. Na wewe utakaa na nani huko?”

“Wakuu wa shule. Wakaguzi. Watu wazito wazito.”

“Wanawake watakuwepo?”

“Wanawake wa nini?”

“Wa mitaala.”

Shawqi aliinamia chungwa kama fundi saa. “Kula, roho yangu. Lina vitamini.”

“Roho yako imeshiba.”

Alimtazama akitafuna lile chungwa peke yake, masharubu yakipanda na kushuka, na akashangaa jinsi mwanamume anavyoweza kusomesha maelfu ya watoto na asijifunze kudanganya vizuri. Akaingia chumbani akaandika ujumbe kwa Inaam, dada wa Shawqi. Yule wifi alikuwa na mdomo usiotulia, lakini ukienda vitani, bora uende na mtu mnene.

“Wifi, kesho asubuhi nisindikize mahali. Kaka yako ana mwanamke. Nataka kumfumania.”

Jibu lilichelewa. Kisha yakaja matatu yakifuatana.

“Astaghfirullah! Shawqi??”

“Hana akili ya kuwa na mwanamke.”

“Kesho siwezi wifi nina daktari wa meno. Usiende popote, nakuapia kwa roho ya mama.”

Hapo kwenye akili, angalau, walikubaliana.

Asubuhi Dawlat aliwatangulia hospitalini. Alivaa barakoa na miwani ya jua, akaketi kwenye benchi la mwisho katika ukumbi wa kliniki. Jirani yake alikuwa mwanamke mwembamba mwenye kilemba cha rangi ya waridi, akibangua mbegu za maboga kwa meno.

“Wewe kundi gani, dada?” mwanamke akamuuliza.

“Bado sijajua.”

“Mimi kemo kwanza. Ndugu zangu walitaka wanitafutie mtu wa kunipitisha upande wa pili. Nikawaambia kompyuta haina mjomba.” Akatema ganda. “Nani alikuambia kwamba unao?”

“Nesi. Jana, kwa simu.”

“Una bahati. Mimi aliniambia mwanangu wa darasa la pili. Wakubwa wote walikuwa wanasukumana mlangoni nani aanze.”

Mlango ukafunguliwa. Shawqi akaingia, suti yake ya sherehe, mkono wake umeshika mkono wa mwanamke mpana aliyevaa kijani, miwani myeusi, barakoa mpaka chini ya macho. Alimkalisha taratibu kwenye benchi lile lile, upande wa mbali, kana kwamba anaweka yai. “Jikaze, Dawlat wangu,” akamwambia kwa sauti ya kusikika. “Jikaze, uhai wangu.”

Kwenye mwisho mwingine wa benchi, Dawlat wake halisi alisaga meno.

“Dawlat Abdelghaffar!” Sista Mervat akaita.

Wanawake wawili wakasimama.

“Ni nani kati yenu?”

“Mimi,” alisema Dawlat.

“Mimi,” alisema yule wa kijani kwa sauti ndogo. Kisha akaketi. Kisha akasimama tena.

Shawqi aligeuka, akaiona ile miwani, akaujua ule mkao. Uso wake ukawa wa mtu aliyekanyaga zulia la msikiti na viatu vya matope.

Dawlat alipita mbele ya ukumbi mzima, akafika kwa yule mwanamke, akamvua barakoa. Alikuwa amejiandaa kukuta midomo iliyopakwa rangi na ujana. Alikuta kidevu cha pili kinachotoka jasho.

“Wifi Inaam. Daktari wa meno amehamia huku?”

“Wifi, usinifikirie vibaya...”

“Nikufikirie nini? Nimekesha najipanga namna ya kumng’oa mtu nywele. Sasa wewe nikung’oe nini?”

Wale wanawake wa benchini waliacha kutafuna.

“Mama Yumna, tusizungumze mbele za watu,” Shawqi akanong’ona.

“Mbele za watu ulinishika mkono, Mwalimu. Ila haukuwa mkono wangu.”

Profesa Wagih, mkuu wa utafiti, aliwaingiza wote ofisini mwake, akafunga mlango. Alikuwa mtu mrefu mwenye uchovu, na kalamu tatu mfukoni.

“Niwekeeni jambo hili sawa. Mgonjwa ni nani?”

“Mimi,” alisema Dawlat.

“Na aliyesaini fomu ya ridhaa?”

Inaam akainua kidole kama mtoto wa shule.

“Na damu tuliyopima?”

“Yangu,” alisema Inaam.

“Na uzito na urefu?”

“Vyangu pia. Mliniambia nivue viatu, nikavua.”

Profesa aliweka kalamu mezani. “Mwalimu. Unajua dozi ya kemo tunaikadiria kwa urefu na uzito wa mgonjwa? Kwa damu yake, ini lake, figo zake? Mkeo angetundikiwa dripu iliyopimwa kwa mwili wa dada yako!”

Wote wakawatazama wale wanawake wawili. Inaam alikuwa Dawlat mmoja na nusu, na ile nusu ilikuwa na kisukari.

“Mpango ulikuwa ni kubadilishana siku ya dripu,” Shawqi alijitetea. “Wote wanavaa hijabu na barakoa. Manesi wanaona wanawake wengi, nikasema hawatatambua. Nilitaka tu asikie mwingine yale maneno, yeye apate dawa bila maneno.”

“Na mimi ningeambiwa ni dripu ya nini?” Dawlat akauliza.

“Vitamini. Ya kuyeyusha mafuta.”

“Nywele zikidondoka?”

“Tungesema ni vitamini kali.”

“Na upasuaji?”

Shawqi akaanza kukagua kucha zake.

“Jibu, Mwalimu, wewe ni mtu wa kuhutubia. Nazinduka kitandani, nashika kifua, upande mmoja ni tambarare. Ungeniambia titi langu limekwenda wapi? Kikao cha mitaala?”

Sista Mervat aligeukia ukuta, mabega yakitikisika. Haikujulikana kama analia au anacheka.

Profesa alivuta kiti karibu na Shawqi. “Nakuelewa, Mwalimu. Familia zetu ndivyo zilivyo, na chanzo chake ni mapenzi. Sasa wewe kama mume unaonaje, tuanze upya na mkeo, au...”

“Daktari,” Dawlat akamkata, “geuza kiti.”

“Samahani?”

“Kiti chako kinamtazama mume wangu. Ugonjwa uko huku.”

Haki ya mtu apewe: profesa aliona haya. Aligeuza kiti, akakaa magoti yake yakielekea magoti ya Dawlat.

“Bibi Dawlat, una saratani ya titi.”

Shawqi alishika ukuta kana kwamba yeye ndiye aliyeambiwa. Dawlat hakushika kitu. Kumbe neno lenyewe lilikuwa fupi.

“Imesambaa?”

“Kipande kilichokatwa na picha zilizopigwa, ambavyo namshukuru Mungu ni vyako, vinaonyesha uvimbe uko kwenye titi na umegusa tezi za kwapani. Hatukuona zaidi ya hapo. Inatibika. Kupona siwezi kukuapia, lakini inatibika.”

“Na huo utafiti wenu?”

“Wanawake wenye uvimbe kama wako tunawagawa kwa kompyuta. Kundi moja linaanza na kemo, ili uvimbe unywee, na pengine tukate sehemu tu ya titi. Kundi la pili tunakata kwanza, kemo inafuata. Dawa ni zile zile, kisu ni kile kile. Tunatafuta mpangilio upi unawafaa zaidi.”

“Wewe unaona upi ni bora?”

“Sijui.”

“Profesa mzima hujui?”

“Ningejua nisingeruhusiwa kuwagawa kwa kura, bibi. Ningewapa wote ulio bora.”

Tangu kivimbe kile kionekane Dawlat alikuwa amezungukwa na wajuzi. Mume alijua, wifi alijua, daktari aliyekata kile kipande alijua, na kila aliyejua alimdanganya. Huyu ndiye mwanamume wa kwanza kumwambia sijui, na kwa sababu hiyo akaanza kumwamini.

Shawqi akakohoa. “Profesa, kama suala ni kundi, mimi nina rafiki yangu wizarani. Anaweza kuongea na huyo anayehusika na kompyuta, tukampanga Mama Yumna pale...”

“Mwalimu!” walisema watu wanne kwa pamoja. Mmoja wao alikuwa Inaam.

Profesa akafuta usajili ule mbele yao. “Kilichofanyika hapa ni hatari, nami nina sehemu yangu ya lawama, sikuomba hata kitambulisho. Bibi, nenda ukafikirie. Ukitaka kuingia kwenye utafiti, rudi mwenyewe na mwili wako mwenyewe. Usipotaka, tutakutibu vilevile. Lakini usikawie.”

Nje, uani, kulikuwa na kibanda cha chai na benchi la mbao. Inaam alikuwa analia, safari hii machozi yake mwenyewe.

“Wifi, alinipigia magoti. Kaka yangu, na mvi zake. Ningefanyaje?”

“Ungemwambia ainuke.”

“Dawlat,” Shawqi alisema, “nilikuwa nakulinda. Unamkumbuka mama. Alikuwa na yale yale. Tulimficha, wala hakujua mpaka mwisho. Alikufa na raha zake, anatabasamu. Na wewe nilitaka...”

“Nife nikitabasamu?”

“Usiumie!”

Dawlat aliweka chini gilasi ya chai. Jambo alilokuwa amelibeba muda mrefu lilikuwa limefika kwenye ulimi, na safari hii hakulimeza.

“Shawqi, mama yako alipougua nani alikuwa anamwosha?”

“Wewe.”

“Nani alilala naye chumba kimoja?”

“Wewe. Mungu akulipe.”

“Basi nisikilize. Mama yako alijua.”

Inaam akaacha kulia.

“Alijua kabla yenu nyote. Alijipapasa mwenyewe, akaniambia nimpeleke kwa daktari, akamtaka amwambie waziwazi. Tulipotoka akaniapisha. Akasema: ‘Shawqi asijue kwamba najua. Mwanangu ni hodari wa kuongea lakini hana mgongo. Mwache adhani ananidanganya, ndicho kinachomsimamisha.’ Kila ukija na vichekesho vyako alikuwa ananiambia nimpake wanja. Unaingia, anacheka. Unatoka, anauma mto. Alitaka kukuaga, Shawqi. Alikuwa na maneno ya kukuachia, wewe na dada yako. Hakuweza, kwa sababu angekuaga ungejua.”

Shawqi alikaa kwenye ukingo wa benchi, mikono katikati ya magoti.

“Mbona hukuniambia?” akauliza baadaye, kwa sauti ya kijana.

“Niliapa. Tena nilikuwa nakuonea huruma. Leo naona huruma ile ilikuwa dharau iliyovaa nguo nzuri. Mama yako alikudharau kwa mapenzi, na mimi nikafuata. Tulikulea kama kikombe chenye ufa. Na wewe sasa unataka kunifanyia mimi vilevile.” Akasimama. “Sina mpango wa kufa. Lakini nikifa, sitakufa naigiza. Leo lala kwa Inaam. Mmeshazoea kushikana mikono.”

Akaondoka na teksi, akawaacha ndugu wawili na gilasi tatu za chai.

Siku zilizofuata simu yake haikupumzika. Shawqi aliandika kama anavyohutubia.

“Ewe nuru ya maisha yangu, laiti ungejua jinsi moyo huu, uliojeruhiwa na majuto, unavyo...”

Dawlat akajibu: “Nimejua. Lala.”

Kesho yake: “Usiku na mchana ni sawa kwangu, kwani jua langu...”

“Jua lako linauza halua. Acha kunijazia simu.”

Kisha siku moja mchana: “Nimelitamka! Leo mstarini nimeitangazia shule nzima kwamba mke wangu ana saratani ya titi, na kwamba mimi nilikuwa mwoga. Walimu wamelia. Wanafunzi wamenipigia makofi.”

Dawlat aliusoma ujumbe ule mara mbili, akiwa na ladha ya siki mdomoni. Mtu huyu angeweza kupewa kaburi lake akaligeuza jukwaa.

“Nani alikutuma uiambie shule?” akaandika. “Wa kuambiwa nilikuwa mimi.”

Hapo hakujibiwa tena.

Alimpigia binti yao Yumna, aliyeolewa Suez, akamweleza yote kwa jina lake bila kuzunguka. Walilia wote wawili, wakacheka wote wawili walipofika kwenye viatu vya Inaam. Kisha akarudi kliniki. Akasoma fomu ukurasa kwa ukurasa, akauliza maswali mpaka Sista Mervat akaenda kumwita profesa, akasaini kwa mkono wake. Akapimwa uzito wake, urefu wake, damu yake. Kompyuta ikatoa jibu bila kumjali mtu: kemo kwanza.

“Umeridhika?” profesa akamuuliza.

“Sikuja kuridhika. Nimekuja kutibiwa.”

Asubuhi ya dripu ya kwanza alimkuta Shawqi ameketi ukumbini. Hakuvaa suti. Alikuwa na sweta la nyumbani, lile lenye kiwiko kilichotoboka, na hakuinuka kumpokea kwa mbwembwe.

“Umekuja kuhutubia?”

“Hapana.”

“Basi sogea, nikae.”

Akasogea. Yule mwanamke wa kilemba cha waridi alikuwa upande wa pili. Alimtazama Shawqi kutoka juu mpaka chini, akatema ganda la mbegu, akageukia dirisha.

“Dawlat.”

“Sema.”

“Siku ile nilipochukua majibu, nilijifungia choo cha maabara. Mfagiaji aligonga mlango akidhani nimezirai. Nilipotoka nilitabasamu kwa sababu sikuwa na uso mwingine wa kuja nao nyumbani. Naogopa. Naogopa kuingia nyumba ile nikaanza kusema kitu, halafu nikakumbuka hakuna wa kuniambia ninyamaze.”

Dawlat alingoja. Kwa kawaida hapo ndipo Shawqi angeleta jua, nyota na majeraha ya moyo.

“Endelea.”

“Sina zaidi.”

Dawlat aliipima sentensi ile kama anavyopima dengu, akitafuta mchanga. Haikuwa na mchanga. Kwa wiki nyingi hakuwa amesikia kutoka kwa mtu huyu jambo asiloweza kulidharau.

“Na mimi naogopa,” alisema, macho yake mbele. “Sindano siiogopi, wala nywele. Naogopa usiku, nikiwa natapika, unikute unatabasamu.”

“Sitatabasamu.”

“Ukitabasamu nakurudisha kwa Inaam.”

“Amechoka na mimi. Anasema nasema sana.”

“Anasema yeye!”

Kidogo Dawlat acheke. Alijizuia, kwa kuwa hakutaka mumewe amwone akicheka mapema hivyo.

Mlango ukafunguliwa. “Bibi Dawlat, kiti chako kiko tayari,” Sista Mervat akasema. “Vua na pete, mama, vidole vinaweza kuvimba.”

Pete iligoma. Alikuwa hajaivua tangu harusi. Shawqi alinyoosha mkono kumsaidia, akausitisha njiani, akamtazama kwanza. Dawlat akampa kidole. Walipaka dawa ya kunawia mikono iliyokuwa ukutani, wakavuta, wakazungusha, mpaka ikatoka na kuacha alama nyeupe kama kovu. Akaiweka kwenye kiganja cha mumewe, akavikunja vidole vyake juu yake.

“Nikuvishe ukitoka?” Shawqi akauliza.

Dawlat alikuwa ameshainuka, mkoba begani.

“Ukitaka kunivisha, uje unipose upya. Na safari hii njoo mwenyewe, usimtume dada yako.”